Anza Sokoni, Rudi Shambani

Haya ni maneno ya afisa wa kilimo wa wadi kwa wakulima wa mboga na matunda wa Milima ya Taita, katika kikao cha matayarisho ya mvua fupi. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakulima ambao hawakuweza kufika.



Najua wengine mmeacha ng'ombe hawajakatiwa majani, na wengine mmepanda mlima huu kwa miguu tangu alfajiri. Kwa hivyo sitawachelewesha kwa maneno ya kupamba. Nina jambo moja la kusema, na nitalieleza kwa hesabu ambazo kila mmoja anaweza kurudia akifika nyumbani.

Nianze na deni langu kwenu. Misimu michache iliyopita, mvua ilipokaribia, nilihimiza kikundi kimoja cha wakulima wapande kabichi. Nilitembea boma kwa boma. Kila ngazi ya shamba ilijaa, na mimi nikafurahi. Katika ripoti yangu niliandika idadi ya ekari zilizopandwa, na ripoti ilipendeza. Miezi mitatu baadaye kabichi zote zilikomaa wiki moja. Gari la mnunuzi likaja, likajaza kwenye shamba la kwanza na la pili, likashuka mlima. Kesho yake bei ilikuwa nusu. Wiki iliyofuata hakuna gari lililokuja.

Mama mmoja aliniita nikaone. Kabichi zilikuwa zimepasuka shambani na ng'ombe alikuwa anazila. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Hakukosea popote. Alipanda kwa nafasi, aliweka mbolea, alipalilia kwa wakati. Kosa lilifanyika kabla hajachimba shimo la kwanza, na lilikuwa langu. Tulianza na mvua, soko tukaliacha mwisho. Leo nawaomba tugeuze mpango. Tuanze sokoni, halafu turudi shambani.

Shamba la mlimani halipanuki

Sisi wa milimani tunajuana. Babu alikuwa na ekari tano, baba akapata moja na nusu, na leo kijana anaonyeshwa nusu ekari au robo. Huku juu kuna mawe na msitu, na kule chini sehemu kubwa ya kaunti yetu ni Hifadhi ya Tsavo. Anayengoja ardhi zaidi atangoja sana.

Ndiyo maana vijana wanashuka Voi na Mombasa kuendesha bodaboda. Siwalaumu. Kijana akiona mama yake amelisha ng'ombe kabichi, hutamwambia kitu kuhusu kilimo akusikilize. Tukitaka abaki, lazima nusu ekari ile imlipe.

Na inaweza kulipa, kwa sababu tuna kitu ambacho Pwani haina: baridi. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 juu ya bahari. Mombasa iko kama kilomita 200 kutoka Wundanyi, na huko kabichi na saladi hazistawi kama hapa. Watu wa Kongowea, wenye hoteli za Diani na shule za bweni wanahitaji mboga. Soko lipo. Tunachokosa ni kulifikia siku linapotuhitaji.

Udongo wetu unakwenda kwa ndovu

Kabla ya kuhesabu siku, tuangalie tunapolimia. Mto Voi unaanzia katika milima hii. Unapita mjini Voi, unaingia Tsavo Mashariki, na huko ndiko liliko bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952. Mvua ikinyesha sana, angalieni rangi ya vijito vyetu. Ule wekundu ni samadi na mbolea mliyonunua, pamoja na udongo ambao babu zenu waliulinda. Tunaulipia sisi, halafu tunampelekea ndovu bila malipo.

Dawa yake mnaijua kwa jina: fanya juu. Unachimba mtaro ukifuata usawa wa kilima, udongo unaurusha upande wa juu, na juu ya ukingo unapanda nyasi za nepia. Miaka inavyopita, udongo unajikusanya nyuma ya ukingo na shamba linakuwa ngazi. Nepia inamlisha ng'ombe, ng'ombe anarudisha samadi.

Shida yetu ni kwamba mitaro mingi inapimwa kwa macho, na macho hudanganya kwenye mteremko. Mtaro ukiinama kidogo tu, maji hukusanyika mahali pamoja, hupasua ukingo na kuacha korongo. Tumieni fremu ya A. Chukua fito mbili za urefu sawa, kama mita mbili. Zifunge zikutane juu, miguu iachane, kisha funga fito ya tatu katikati ili upate umbo la herufi A. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe.

Sasa tafuta usawa wake. Pigilia vigingi viwili chini, simamisha mguu mmoja kwenye kila kigingi, weka alama uzi unapogusa fito ya katikati. Geuza fremu, mguu wa kushoto uende kulia, kwenye vigingi vilevile. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo sawa. Ukitembea nayo shambani, uzi ukisimama hapo, miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja. Haikugharimu shilingi hata moja.

Mvua kubwa nayo ipewe njia. Acheni mkondo wenye nyasi wa kushushia maji yaliyozidi, na mkubaliane na jirani wa chini yatapita wapi. Maji uliyoyafukuza kwako bila mpango yanabomoa kwake.

Na mteremko mkali sana si wa kabichi. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani unaoshuka zaidi ya sentimita 35 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Sehemu kama hiyo, ipe miti ya matunda: avokado au makadamia, na chini yake nyasi. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Lakini msichume matunda mabichi kwa sababu mnunuzi amekuja na pesa taslimu. Avokado lililochumwa halijakomaa halilainiki vizuri, hunyauka na kuwa kama mpira, na aliyelinunua mara moja hatarudi tena.

Hesabu ya kurudi nyuma

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chukueni daftari. Andikeni kwanza siku ambayo mnataka kuuza. Kutoka hapo, mrudi nyuma.

Kabichi hukaa kitaluni kama wiki 4, halafu shambani siku 75 hadi 110 kulingana na aina. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4, kisha siku 75 hadi 90 ndipo uanze kuchuma. Mishiri huanza kuchumwa siku 45 hadi 50 baada ya kupandwa. Dania ni kama siku 45. Karibu na Vuria baridi huongeza siku, na ukishuka kuelekea Mwatate siku hupungua. Kwa hivyo kila mmoja aandike siku za shamba lake mwenyewe, asinakili za jirani wa juu.

Mnunuzi anahitaji lini? Shule za bweni hununua kabichi zikiwa zimefunguliwa. Likizo ikianza, wateja hao hutoweka. Hoteli za Pwani hujaa Agosti, Desemba na wakati wa Pasaka. Hayo wengi mnayajua.

Kuna moja tunalosahau. Wengi wetu hapa ni Wakristo, na kalenda ya ukutani tunaisoma kwa Krismasi na Pasaka. Lakini mteja wetu mkubwa yuko Mombasa, na huko mwezi wa Ramadhani hubadilisha soko lote. Futari inahitaji viazi, nyanya, vitunguu, dania, pilipili na ndizi za kupika, kila siku kwa mwezi mzima. Ramadhani husogea mbele, yaani huwahi, kwa takriban siku 11 kila mwaka. Aliyepanda kwa kukumbuka mwaka juzi atakuta ameshapitwa.

Tuchukue mfano. Tuseme Ramadhani inaanza katikati ya Februari. Nyanya: siku 80 za shambani na siku 30 za kitaluni ni siku 110. Hesabuni kurudi nyuma kutoka katikati ya Februari mtafika mwishoni mwa Oktoba. Mbegu iwe kitaluni siku hizo. Mkulima atakayekumbuka nyanya Krismasi akiwa anakunywa chai atavuna watu wakiwa wameshamaliza kufunga na kula Idi.

Nyanya za wakati huo zitakutana na mvua ya Novemba, na mvua huleta ukungu wa majani. Kwa hivyo ziinueni kwa miti, mpunguze matawi ili hewa ipite, mtandaze nyasi kavu chini ili tope lisirukie majani. Mkinyunyizia dawa, someni kibandiko na mheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Nyanya hiyo atakula mtoto wa mtu, na pengine wako.

Jambo la pili katika hesabu hii: msipande zote siku moja. Nusu ekari ni karibu mita mraba 2,000. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, hizo ni kama kabichi 5,500. Gari gani litazibeba zote wiki moja, na jirani naye ana zake? Gawanya nusu ekari hiyo sehemu nne. Panda sehemu moja, ngoja wiki mbili, panda ya pili, na kuendelea. Kila wiki mbili utakuwa na kabichi kama 1,400. Bei ikianguka wiki moja, umeumia kwa robo tu, na ya wiki inayofuata bado inakua.

Mkibadilisha zao, mbadilishe kweli. Sukuma wiki baada ya kabichi si kubadilisha, maana ni ndugu wa ukoo mmoja na wana wadudu wamoja. Vilevile nyanya, viazi na pilipili hoho. Baada ya kabichi leta mishiri au vitunguu.

Tangi ni la kitalu

Mtaniuliza: "Afisa, mbegu kitaluni mwishoni mwa Oktoba, na mvua ikichelewa?" Swali zuri. Hapa ndipo maji ya paa yanapoingia.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita mraba 60. Mvua ya milimita 10 inakupa lita 600, toa yaliyorukia nje, ubaki na kama 500. Mvua za msimu zikifika milimita 200, tangi la lita 10,000 limejaa.

Sasa niwe mkweli. Tangi hilo halitamwagilia nusu ekari. Mboga zilizokomaa zinaweza kutumia milimita 4 za maji kwa siku. Kwenye sehemu moja tu kati ya zile nne, mita mraba 500, hizo ni lita 2,000 kwa siku. Tangi zima litaisha siku ya tano. Anayekuuzia tangi akisema litakulimia kiangazi chote, mwambie muhesabu pamoja.

Lakini kitalu ni jambo jingine. Miche 1,400 inaenea kwenye kitanda cha mita mraba 14. Ukimwagilia lita 6 kwa kila mita, ni lita 84 kwa siku, na kwa siku 28 ni chini ya lita 2,400. Kwa hivyo kati ya lita zote 10,000 ulizokinga mvua ndefu, weka alama kwenye tangi: lita 2,500 za chini hazifuliwi nguo. Hizo ni za kitalu. Mvua fupi ikishuka, jirani anaanza kusia mbegu, nawe unatoa miche iliyo tayari. Umemtangulia kwa wiki nne, na wiki nne sokoni ndizo hutofautisha gari la kwanza na gari ambalo halikuja.

Kilo, si lumbesa

Mmevuna. Sasa kuuza. Gunia lililovikwa kofia ya wavu juu, ile lumbesa, linauzwa kama gunia moja huku ndani mna gunia na nusu. Kwa upande wa viazi, kanuni za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Sheria ipo, lakini haitasimama shambani kwako kama wewe mwenyewe huna mizani.

Sisemi dalali ni adui. Analipa mafuta, analipia kuoza njiani, na siku nyingine hupata hasara. Lakini yeye anapofika ameshapiga simu tatu Kongowea na anajua bei ya asubuhi hiyo. Wewe hujui kitu, na kabichi umeshakata. Mtu aliyekwisha kukata kabichi hana nguvu ya kujadiliana.

Kwa hivyo naomba kila kikundi kinunue mizani moja ya kuning'iniza. Chagueni mtu mmoja wa kupiga simu kwa wanunuzi watatu kabla panga halijaguswa. Na kila mkulima ajue gharama yake. Nachukua mfano wa hesabu tu: tuseme mbegu, mbolea, dawa na vibarua kwa kabichi 1,400 vimekula shilingi 14,000. Kila kabichi imekugharimu shilingi 10 ikiwa bado ardhini, na hujahesabu mgongo wako. Mtu akikupa shilingi 8, unajua amekuomba umsaidie. Bila daftari, ungemshukuru.

Ahadi yangu na ombi langu

Tangu Katiba ya 2010 na kuanza kwa kaunti mwaka 2013, kilimo cha mazao ni kazi ya serikali ya kaunti. Maana yake ni kwamba mna haki ya kuniuliza. Mimi ni mmoja na wadi ni kubwa. Siwezi kufika kila shamba kila wiki. Lakini haya naweza.

Kwanza, kalenda ya kupanda ya wadi itabandikwa kwenye ofisi yangu na kwa chifu, ikiwa na tarehe za shule kufunguliwa, sikukuu za Wakristo na za Waislamu. Pili, kila kikundi kitaniandikia kinapanda nini na wiki gani, nami nitawaonyesha wote. Mkiona vikundi vinne vimeandika kabichi wiki moja, mtaamua wenyewe nani asogee. Tatu, atakayetaka kujifunza fremu ya A aniambie, tutapanga siku kwenye shamba la mmoja wenu, na tutaondoka tukiwa tumepima mtaro mzima.

Na katika ripoti yangu, pamoja na ekari zilizopandwa, nitaandika pia wiki mlizouza na bei mliyopata. Kama bei ni mbaya, iandikwe hivyo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya mvua fupi kuanza, fanyeni mambo matatu: pimeni mtaro mmoja, wekeni alama kwenye tangi, na andikeni kwenye daftari tarehe ya kuuza kabla ya tarehe ya kupanda. Mtaro mmoja tu, si yote. Mwaka ujao wa pili.

Yule mama wa kabichi yupo hapa leo, lakini sitamtaja. Nilipomwendea kumwomba radhi aliniambia, "Msimu ujao njoo mapema." Nimekuja mapema. Mvua bado.